Gololi Sita za Gari la Mwalimu

Enzi zetu gololi bora hazikununuliwa dukani, zilitoka tumboni mwa magari. Najua nina miaka kumi na saba tu, niko kidato cha tatu, na mtu wa umri wangu akisema "enzi zetu" wazee hucheka. Lakini ninyi tuliokaa nanyi dawati moja pale Ndhiwa, mliokuwa mkija kwetu baada ya shule na mifuko ya kaptura imetoboka, mnajua ninachosema.

Baba yangu ni fundi wa magari. Kwenye kila gurudumu la mbele la gari dogo kuna shafti inayotoka kwenye giaboksi, na mwisho wa shafti hiyo, karibu na gurudumu, kuna kiungo kinachoiwezesha kuzunguka hata gurudumu likiwa limekatwa kona. Mafundi wanakiita CV. Ndani ya CV kuna gololi sita za chuma. CV ikifa, Baba aliifungua, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akanipa. Zile za kwenu za kioo zilikuwa na rangi nzuri, sikatai, lakini zikigongwa na yangu zilipasuka vipande viwili, na mwenyewe alirudi nyumbani analia. Mimi mwenye haya, nisiyeweza hata kusoma kwa sauti darasani, nilikuwa tajiri wa uwanja mzima bila kufungua mdomo.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya soko, umepakana na kinu cha posho. Kinu kilinguruma kutoka asubuhi hadi jioni. Unga ulitua juu ya kila kitu, kwenye boneti, kwenye nyusi za Baba, kwenye nyoyo, chakula chetu cha mahindi na maharagwe ambacho Mama alituletea kwenye kopo la siagi. Upepo ukigeuka, tulinusa sukari nguru ikichemshwa upande wa mashamba ya miwa, tukameza mate. Kwa sababu ya kinu kila mtu pale alipiga kelele. Mteja alipiga kelele, Baba alijibu kwa kelele, hata salamu zilikuwa kama ugomvi. Nyumbani nako tulisema Kiswahili, maana Mama ni Mkuria wa Kegonga na Baba ni Mjaluo, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha katikati ya njia. Mama alikuwa akisema, "Baba Akinyi, hapa si kwa kinu, punguza sauti." Baba hakupunguza.

Katikati ya uwanja kulikuwa na duara kama pete, ardhi nyekundu iliyokanyagwa mpaka ikang'aa. Hapo ndipo Baba alipopimia magari. Hakuanza na spana. Alianza na masikio. Alikata usukani mpaka mwisho, akazunguka polepole, mara kulia, mara kushoto, dirisha liko wazi na kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza habari mbaya. CV mbovu hulia kwenye kona: ka-ka-ka-ka, kama mtu anayevunja njugu kwa meno. Sisi watoto tuliigeuza kuwa mchezo. Tulikimbia tukiwa magari, na ukifika kona lazima upige ulimi, ka-ka-ka-ka, mwenzako akwambie umeumia upande gani. Akikosea, anatoa gololi.

Jibu tulilijua kwa maneno ya Baba, ambayo aliyarudia mpaka nikayaota. "Ukikata kulia, uzito wote unakwenda kushoto. Ikilia hapo, mgonjwa ni wa kushoto. Ukikata kushoto, geuza maneno." Au: "Ikitetemeka ukikanyaga mafuta, usisumbue gurudumu, angalia kiungo cha ndani, kule giaboksi." Tena alitulaza chini ya gari, akatuonyesha ule mpira wenye mikunjo kama shingo ya kobe unaofunika CV. "Ukiona grisi nyeusi imerushwa ndani ya rimu, mpira umepasuka. Ukiubadilisha leo, CV inaishi. Ukiuacha, mchanga wa Ndhiwa utaingia, utasaga chuma kama kile kinu kinavyosaga mahindi." Na la mwisho, alilolisema akijifuta mikono: "Gari haifi ghafla. Husema kwanza."

Watu walileta magari kutoka Mbita, wengine kutoka Migori, kwa sababu ya masikio ya Baba. Walisema fundi yule husikia ugonjwa hata kabla gari halijaujua.

Nilikuwa darasa la tatu, likizo ya Agosti, mkanda wa kinu ulipokatika. Mwenye kinu alisafiri kutafuta mwingine, na uwanja ukanyamaza. Mnakumbuka? Tulisikia kuku. Tulisikia cherehani ya ng'ambo ya barabara. Watu wakaanza kusema kwa sauti za kawaida, na ndipo nikaona kitu ambacho nilitamani nisikione. Watu walimwita Baba kwa nyuma na hakugeuka. Mama alimwuliza kama atakula, naye akamjibu kwamba betri iko sawa. Nikakumbuka pia kanisani siku za Sabato, jinsi alivyopenda kuketi mbele kabisa akitazama midomo ya mhubiri, na bado aliimba ubeti wa tatu sisi tukiwa kwenye kiitikio. Tulikuwa tukicheka. Tulidhani ni mbwembwe.

Wiki hiyohiyo akaja Mwalimu Okeyo, aliyefundisha shule ya upili, mtu wa miwani na maneno. Alitaka kumpeleka mama yake mzee kisiwani Rusinga, ng'ambo ya Mbita, kuwaona ndugu zake. "Fundi, omera, ndugu yangu, nisikilizie hii gari. Nabeba mtu ambaye siwezi kununua mwingine."

Baba akaingia, akazunguka. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya tairi kuukuu pembeni ya duara. Alipokata kulia nilisikia, wazi kabisa, ka-ka-ka-ka, kushoto. Akakata tena. Ka-ka-ka-ka. Akazima injini, akashuka.

"Iko sawa," akasema. "Hakuna kitu."

"Kabisa?"

"Mwalimu, ni mimi nakwambia."

Hakulala chini kuangalia mpira. Aliamini masikio yake, na kwa nini asiyaamini, yalikuwa yamemlisha miaka yote. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nilikuwa nimelishika mdomoni kama mbegu ya pera. Lakini kumsahihisha baba mbele ya mteja, mtoto wa kike, mimi ambaye nikiulizwa jina langu natazama vidole vya miguu? Nikanyamaza. Gari likatoka, likakata kona ya sokoni likivunja njugu zake, mpaka sikulisikia tena.

Jumatatu Mwalimu alirudi amevutwa kwa kamba na lori la miwa. Shafti ilikuwa imewaachia kwenye mlima kabla ya kufika Mbita. Injini ilinguruma, gia iliingia, gari halikwenda, kama ng'ombe aliyegoma mtoni. Mama yake aliketi kando ya barabara tangu saa tatu hadi saa tisa, khanga kichwani, jua lote lake.

"Fundi," Mwalimu akasema, na hakupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mama alikuwa ananiuliza, yule fundi wako mwenye masikio, aliyatoa akayaweka wapi?"

Watu waliokuwa pale walicheka. Baba naye alicheka, nusu dakika nyuma yao, baada ya kuwatazama nyuso.

Alilitengeneza gari siku hiyohiyo, na sijawahi kumwona akifanya kazi vile. Alilegeza nati kubwa ya katikati gurudumu likiwa bado chini, kisha akainua kwa jeki na kuegemeza gari juu ya magogo. Aliitoa shafti kwa kuigonga taratibu, ameweka kipande cha mbao katikati ili nyundo isiharibu nyuzi za kufungia nati. Mpira ulikuwa umepasuka mzunguko mzima, na kilichokuwa ndani hakikuwa grisi tena, kilikuwa uji wa mchanga. Akaweka CV mpya, akaijaza grisi nyeusi kwa vidole mpaka kwenye kona za ndani, akafunga mpira mpya na mikanda yake miwili, akakaza nati na kuipinda mdomo isifunguke. Gololi sita za zamani akaziosha, akanipa kama kawaida. Moja ilikuwa imemenyeka kama jino bovu. Sikuzichezea. Nilizitia kwenye mkebe wa jometri, zikakaa humo.

Wakati wa chakula, Mama akipakua ugali na omena, Baba aliniuliza bila kunitazama.

"Akinyi. Siku ile ya Mwalimu. Ililia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Upande gani?"

Nikainua mkono wa kushoto. Mwiko wa Mama ukasimama hewani. Nilingoja kuchapwa, kusema kweli nilitaka kuchapwa. Baba akasema tu, "Kesho utakaa nyuma yangu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mteja alikaa mbele, kushoto kwa Baba, na mimi nilikaa kiti cha nyuma, moja kwa moja nyuma ya dereva, kama mtoto aliyekuja kupigwa upepo. Baba alizunguka. Nikisikia ugonjwa wa kushoto, nilimgusa bega la kushoto. Wa kulia, la kulia. Ukiwa wa ndani, ule wa mtetemo, nilimgusa katikati ya mgongo, ingawa huo alianza kuuhisi mwenyewe kwa viganja kwenye usukani. Nikiona hamna kitu, mikono ilibaki mapajani. Hatukuwahi kuzungumza juu yake. Hata Mama hakuuliza. Mkanda wa kinu ulipatikana, kelele zikarudi, na siri yetu ikapata pa kujificha.

Niliogopa kila siku. Niliogopa mteja atageuka. Niliogopa nitakosea na mama wa mtu mwingine ataketi juani. Niliogopa pia kwamba tunadanganya watu, na Jumamosi kanisani amri zikisomwa nilitazama viatu. Lakini pia, na hili sijamwambia mtu, zilikuwa dakika nilizozipenda kuliko zote. Mtu kama mimi, nikimgusa mtu mkubwa begani, naye anasema kwa sauti nzito, "CV ya kushoto," na watu wanaamini. Nilifanya hivyo mpaka nilipokwenda shule ya bweni, Baba akabaki na viganja vyake na kulala chini kuangalia mpira. Wa kwanza kurudi baada ya ile aibu, na aliyeendelea kuja, alikuwa Mwalimu Okeyo.

Likizo hii nimerudi na kukuta mengi. Kinu sasa ni cha umeme, kinavuma kama nyuki tu. Nusu ya uwanja ni kibanda cha kuchaji simu. Ndugu yangu Omondi ana miaka tisa, umri niliokuwa nao, na gololi zake ziko ndani ya simu ya Mama, anazigonga kwa kidole na zikipasuka hakuna anayelia. Nilimwonyesha zangu sita. Akaniuliza zinatumia chaja gani. Sijui kama alikuwa ananitania.

Na kwenye gari anakaa popote anapotaka. Jumapili Mwalimu alileta gari lake, amezeeka kidogo, miwani ileile. Aliketi mbele, mimi na Omondi nyuma. Baba alikata kulia, na kabla sijainua mkono Omondi akapayuka, "Baba, inalia kushoto, kwani husikii?"

Nilitamani sakafu ya gari inimeze. Miaka yote ile, na mtoto amemwaga mtama kwa pumzi moja. Baba akasimamisha gari. Alikuwa amesoma midomo kwenye kioo. Akamgeukia Mwalimu polepole.

"Mwalimu, sikukwambia. Masikio yangu yalikwisha kitambo."

"Najua," Mwalimu akasema, kwa sauti kubwa na midomo mipana, kama mtu aliyezoea. "Fundi, nimesimamia mitihani miaka mingapi? Unafikiri sijui mtoto akimpa mwenzake jibu?"

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Jibu lilikuwa sahihi."

Baba alicheka mpaka akajilaza kwenye usukani, honi ikapiga, kuku wakakimbia. Omondi alicheka kwa sababu ya honi. Mimi niligeuza uso dirishani, sijui nilikuwa nacheka au vipi.

Sasa wateja wanaambiwa wazi wapaze sauti, na wanapaza, na hakuna gari lililoacha kuja. Ni vizuri. Nasema kweli, ni vizuri, na ni haraka zaidi. Watoto wa siku hizi hawabebi kitu moyoni, kikiingia sikioni kinatokea mdomoni, na pengine mama wa Mwalimu asingechomwa na jua kama mimi ningekuwa Omondi. Lakini sisi tulijua kumwambia mtu jambo bila kumwaibisha, na nilijifunza hilo kwenye kiti cha nyuma, nikinusa grisi na unga wa mahindi, duara likizunguka na kuzunguka.

Jana lilikuja gari jingine. Nilikaa mahali pangu pa zamani. Baba alikata kushoto, na Omondi, aliyekuwa mbele, akapiga kelele palepale, "Kulia! Kulia, Baba!" Baba alimwona, najua alimwona. Lakini hakusimama. Alizunguka mara ya pili, halafu ya tatu, ameinamisha kichwa, mpaka nikakumbuka, nikanyoosha mkono, nikamgusa bega.