Kipanya cha Mashoto

Mkono wangu wa kushoto ulianza kuuma nilipokuwa natafsiri kijitabu cha kuwafundisha watu kunawa mikono. Kilikuwa kijitabu kinene. Shirika lililokiagiza liliamini kwamba mtu wa Bujumbura akipewa maji na sabuni bila maelezo ya kutosha atapotea njiani, kwa hiyo kila kidole kilipewa ukurasa wake. Mimi, mtafsiri wao wa kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, nilikuwa nimefika kwenye kidole gumba pale kifundo cha mkono kilipogoma.

Nafanya kazi nyumbani, mtaa wa Bwiza, kwenye meza ya kulia chakula, kwa kompyuta ndogo ya kupakata. Ile sehemu yake bapa ya kupapasa kwa kidole ilikuwa imechoka. Ili ikubali amri ilibidi niikandamize kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Na niliikandamiza kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mimi ni mashoto. Kula na kuandika kwa kalamu nilifundishwa kulia, nyumbani na madrasa, na nikafundishika. Lakini kazi zote ambazo hakuna aliyezisimamia, kukata vitunguu, kushona kifungo, kupapasa kompyuta, mkono wa kushoto ulijichukulia wenyewe.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alipokea habari za maumivu yangu kwa huruma iliyochanganyika na ushindi.

"Tangu uko mutoto nilikuambia ule mukono uache," alisema. "Sasa ona."

"Unauma kwa sababu ya kazi, mama."

"Wa kuume unauma?"

"Apana."

"Basi."

Alinikanda kwa mawese ya moto, kwa upendo kabisa, na kila alipokanda alirudia kesi hiyo toka mwanzo. Alikuwa ameisubiri miaka mingi, na sasa ushahidi ulikuwa mikononi mwake, unapakwa mafuta.

Daktari naye alinishauri nipumzishe mkono. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema basi niupumzishe kadiri nitakavyoweza, na ninunue kipanya kizuri, kisicho na waya, kinachokaa vizuri mkononi.

Ningekwenda peke yangu kukitafuta kama shemeji yangu asingesikia. Huyu ni mdogo wake mume wangu. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, maneno yote ya ukoo alipewa mdogo wake. Aliishi Ulaya miaka kadhaa, akarudi na koti zito ambalo mpaka leo halijapata kazi katika mji huu, akajenga nyumba mtaa wa Gasenyi, na akawa mshauri. Anamshauri nani, na kuhusu nini, sijawahi kuelewa, ila kwetu ameshashauri kila kitu kuanzia bomba hadi ndoa.

"Shemeji, usinunue kitu peke yako," aliniambia. "Kule madukani Asiatique wamejaza feki. Kipanya si kitu ya kuokota tu. Kuna ya kijiti cha kuchomeka, kuna ya Bluetooth, na kuna ile tunaita ergonomique."

Neno la mwisho alilitamka akiwa amefumba macho.

"Hiyo inafanya nini?"

"Inaheshimu mkono."

Tukaenda pamoja. Duka tulilolichagua ni la mzee mmoja wa mjini, wa familia ya siku nyingi, ambaye wote tunamwita Hadji. Alimfahamu marehemu baba yangu, na kwa sababu hiyo alinisalimia kwa kirefu kabla ya kuniuzia kitu. Zamani duka lile liliuza vitambaa. Sasa liliuza vifaa vya kompyuta, ila Hadji aliendelea kuvisifu kama vitambaa: hii ni laini, hii inadumu, hii wanachukua mabibi wa wakubwa. Alipanga mbele yetu, juu ya kabati la kioo, kartoni tatu. Katika ya kwanza, kwa picha iliyokuwa juu yake, kulikuwa na kipanya bapa kama kipande cha sabuni. Cha pili kilikuwa na nundu. Cha tatu kilisimama wima kama pezi la samaki.

"Ipi nzuri kwa mkono?" niliuliza.

"Zote, Mama."

"Naweza kushika?"

"Kushika kwa macho. Ukifungua kartoni, suri iko yako." Hapa mjini wengi hukiita kipanya kwa jina lake la Kifaransa, na Hadji ni mmoja wao.

"Ulaya mutu anajaribu kwanza," alisema shemeji.

"Karibu ukajaribie kule," alijibu Hadji bila hasira.

Baada ya maombi mengi, na baada ya jina la marehemu baba kutajwa, alikubali kufungua kile chenye nundu. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto.

Wateja wengine wakageuka kutazama. Kipanya kile kilichongwa vizuri sana, kilikuwa na bonde la kulaza kidole gumba na mteremko wa kupumzishia vidole vingine, yote kwa ajili ya mkono wa kulia. Kidole changu kidogo kiliangukia kwenye kitanda cha gumba, na gumba langu likabaki linaning'inia nje kama mgeni aliyenyimwa kiti.

"Mama, ule mukono mwengine," alisema Hadji kwa sauti ya chini, kama mtu anayekustiri kwa kukuambia zipu yako iko wazi.

"Mi ni mashoto, Hadji."

"Astaghfirullah," alisema. Hakuwa ananilaumu. Alisema vile mtu anavyosema umeme ukikatika.

Nyuma yetu alikuwepo bwana mmoja mwenye tai aliyekuja kununua waya. Alisema kwamba jambo hili ni la malezi, mtoto hunyooshwa mapema. Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye kwa lafudhi nilijua katoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Uvira, aligeuka na chaji ya simu mkononi.

"Bwana yangu iko mashoto," alisema, "na kanisani anapiga gitaa kupita wote. Mungu alimuumba vile. We unataka kumusahihisha Mungu?"

"Gitaa ni gitaa, Madamu. Hapa tunasema ordinateri," alijibu bwana wa tai, akionyesha kompyuta ya dukani.

"Na ordinateri aliumba nani?"

Mjadala ukatoka kwenye kipanya ukaenda kwenye malezi, ukapita kwenye adabu za mezani, ukafika kwa Muumba na ukaelekea kukaa huko. Ukimtoa yule mama, sijawahi kuona watu wa mji wetu wakiafikiana haraka namna ile, Waislamu na Wakristo, waliosoma na wasiosoma. Hakuna aliyeniuliza mkono unaumaje. Mwishowe shemeji alitoa hukumu.

"Tatizo si kipanya, shemeji. Tatizo ni mkono."

"Tumia wa kuume tu," Hadji alinishauri, akirudisha kipanya kwenye kartoni. "Utazoea."

Tulitoka mikono mitupu. Lakini shemeji hakuwa mtu wa kushindwa na duka. Njiani alikumbuka kwamba Ulaya vipo vipanya vya mashoto, amewahi kuviona kwa macho yake, na ana rafiki anayekuja. Tokea siku hiyo alianza kunipigia simu kunipa habari za safari ya kipanya changu, kama vile anamsindikiza waziri. Kimenunuliwa. Kimefungwa. Rafiki ameahirisha, lakini kiko salama. Kimepita Addis.

Kiliingia nyumbani kwetu Jumapili mchana, mbele ya ukoo mzima na sinia la wali. Shemeji alisimama akatoa hotuba. Alieleza maana ya ergonomique kwa shangazi ambaye alikuwa anataka tu kupitishiwa bakuli la sombe. Kisha akafungua kisanduku.

Kilikuwa cha kushoto kweli, sitamwonea. Kilikuwa cheusi, kimesimama wima, kinang'aa. Ila kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mashoto mmoja huko Ulaya ambaye bila shaka anapasua kuni. Mimi nina mikono midogo. Nilikikumbatia, nikahisi kama nimepeana mkono na mtu wa mieleka, na ncha za vidole vyangu zikakomea mbali na vitufe. Ili nibonyeze, ilibidi niinue kiganja na kukisogeza mbele.

"Unasikiaje?" aliuliza shemeji. Watu wote walikuwa wananitazama.

"Kinaheshimu mkono," nilisema.

Wakapiga makofi. Mume wangu alinitazama kidogo, akajiongezea maharage.

Nilikitumia kwa uaminifu. Maumivu yalihama kifundoni yakapanda kwenye kiwiko, yakapumzika hapo, halafu yakaendelea na safari hadi begani. Mama yangu alikuwa anayafuata kwa mawese. Nilimaliza kile kijitabu nikiwa nimeinamia upande mmoja kama nyumba inayotaka kuanguka. Shirika likaniandikia barua pepe kunishukuru, na kunialika kwenye semina kuhusu afya ya mfanyakazi mezani, siku nzima, kwenye viti vya plastiki.

Nikarudi kwa Hadji, safari hii peke yangu, kuuliza kama kuna kidogo zaidi kilichoingia. Hakikuwepo. Wakati tunazungumza adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na kwa kuwa msaidizi wake alikuwa ametumwa, Hadji alinitazama kwa namna ya kuomba.

"Binti ya rafiki yangu, niangalilie duka kidogo, naswali hapa karibu. Mutu akikuja, asubiri. Kaa kwa kiti yangu. Kama unataka kuangalia email, angalia."

Nikakaa nyuma ya kabati la kioo, mbele ya kompyuta yake, nikafungua barua zangu. Kulikuwa na mteja mwenye haraka. Nikamjibu, nikafungua waraka wake, nikausoma, nikausogeza juu, nikausogeza chini, na hapo ndipo nikagundua kwamba hakuna mahali panaponiuma. Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umekaa juu ya kipanya kidogo, bapa, cha kijivu, kisicho na nundu wala bonde, kisicho cha kulia wala cha kushoto. Rangi yake ilikuwa imefutika. Nami sikukivuta kutoka popote. Nilikuwa nimenyoosha mkono tu, nikakikuta pale pale mkono wangu unapokwenda kila siku, upande wa kushoto wa kompyuta.

Hadji alirudi akiwa na kofia yake ya kuswalia, akasimama mlangoni. Aliona ninachokitazama.

"Hadji."

"Mama."

"Suri yako iko kushoto."

Kwanza aliangalia nje, barabarani, halafu ndani. "Meza ni ndogo," alisema.

Upande wa kulia wa meza kulikuwa na nafasi ya kulaza mtoto, na katika nafasi yote hiyo kilikaa kikombe kimoja cha chai. Nilikikodolea macho. Hadji akavuta kigoda cha wateja, akakaa.

"Marehemu baba yangu alinipiga mpaka nikaacha," alisema polepole. "Kalamu, kijiko, kupokea feza, kusalimia mutu, yote kuume. Lakini hizi ordinateri zilikuja yeye ameshakufa. Hakusema kitu juu yake."

"Na siku ile uliniambia nitumie wa kuume, nitazoea!"

"Duka lilikuwa na watu, Mama."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimeiandaa hasira, ina miezi, lakini nilipomwona mzee mzima, mtu wa safu ya mbele msikitini, anakaa kwenye kigoda kama amekamatwa na mwalimu, nikacheka. Naye akacheka, akijiziba mdomo kwa mkono wa kulia.

Nilimwomba aniuzie kile kipanya. Akakataa: kimezeeka, na vya namna ile haviletwi tena. Lakini katika kukataa kwake akalalamika kwamba hata yeye kinamtesa. Nikaangalia mikono yake. Ni mikono mikubwa, kila kidole kama ndizi, na alikishika kipanya chake kwa ncha, kama anaokota kitu asichotaka kukivunja.

Kesho yake nilimpelekea kile cheusi cha Ulaya ndani ya kikapu, chini ya mboga. Alisubiri wateja watoke, akakiweka mezani, akakilalia kwa kiganja. Vidole vyake vilivifikia vitufe vyote na vikabaki na ziada. Alifumba macho kama shemeji anapotamka lile neno lake.

"Eh," alisema. "Eh, bwana wangu."

Alikichukua kile chake cha kijivu, akakifuta kwa pindo la kanzu, akakitia betri mpya, akanipa. Aliniomba neno moja tu, kwamba jambo hili libaki letu, na kwa wanaomjua limebaki. Hata mama yangu, anayemtaja Hadji mara kwa mara kama mfano wa mtu aliyelelewa, sijamwambia. Kuna siku nimelazimika kutoka chumbani nikacheke nje.

Mkono haujapona kabisa, lakini unanivumilia. Bega limenyooka. Kigurudumu cha kipanya hukwama wakati wa vumbi, nami hukipuliza kikaendelea.

Shemeji alikuja Jumapili moja akakikuta mezani. Akakigeuza juu chini, kama daktari.

"Hii nini?"

Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri, wenye fundi ndani yake. Mume wangu akanitangulia.

"Kile kilikuwa kikubwa," alisema.

Shemeji alimtazama kaka yake. Akaweka kipanya chini, akavuta sahani.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka kwanza apate kuzoea umbo lake." Kisha akainama kuchungulia chini ya meza, akatikisa kile kiti cha mbao ninachokalia kufanya kazi, akainuka na uso wa mtu aliyegundua kitu. "Shemeji, mi naona tatizo halisi ni kiti."

Mume wangu akampakulia wali mwingi.