Mahojiano ya Bibi

Wakati wa fildi kila kitu nilikiona kana kwamba kimeshaingia kwenye kioo cha kamera. Chuo kilitutaka tukae miezi mitatu kwa mtu anayeifanya kazi kweli, nami nikarudi nyumbani Mpanda, kwa mpiga video mmoja wa Majengo, baba mtu mzima aliyerekodi harusi, kipaimara na misiba. Nilimwita mwalimu. Siku ya kwanza alinivisha hedifoni na kunikataza kugusa kamera. Wiki nzima nilisikiliza tu: kuku, cherehani ya jirani, mvua ikitembea juu ya mabati. Nilinuna, maana sikwenda chuo kusomea kusikia. Lakini wiki ilipoisha nilikuwa naota sauti.

Ili anisainie kitabu cha fildi alitaka filamu ya dakika tatu, yenye mtu mmoja. "Awe anazungumza," alisema, "asiwe anajibu." Mtu wangu nilimjua kabla hajamaliza kusema.

Bibi yangu, mama yake mama, anaishi Katumba, makazi ya wakimbizi nje ya Mpanda. Alifika huko akiwa binti, pamoja na wenzake waliokimbia Burundi. Kila likizo ya utotoni nililala kwenye mkeka wake huku akinisimulia kilima alichozaliwa, na kijito kilichopita karibu na mlango hadi wakawa wanakisikia kikigeuza mawe. Siku zote usingizi ulinichukua kabla ya mwisho. Sasa alikuwa ameanza kusahau. Aliniita kwa jina la mama, aliacha chungu motoni akaenda shamba. Niliogopa kwamba nikichelewa, sitajua kamwe kijito kile kiliishia wapi.

Nikampigia simu. "Bibi, Jumamosi nakuja na mwalimu wangu kukufanyia mahojiano."

"Haya," akasema. "Nitajiandaa."

Tulifika asubuhi, ukungu bado umelalia tumbaku. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja, amevaa gauni la kanisani, na mapajani ameshika mfuko wa nailoni wenye cheti chake cha uraia. Pembeni alisimama jirani yake, mama aliyekimbia naye, ambaye aliitwa awe shahidi. Bibi akainuka, akampa mwalimu mikono miwili.

"Karibu, mheshimiwa."

Mimi nilicheka. Mwalimu hakucheka.

Nikawasha kamera, nikamwomba Bibi asimulie habari za kilima. Akanyoosha mgongo. Akataja majina yake yote, jina la baba yake, njia waliyoingilia, idadi ya watoto, walio hai na waliokufa. Kilikuwa Kiswahili cha ofisini, kimepigwa pasi, ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake. Nilipouliza kuhusu kijito akasema hakumbuki. Kila swali langu lilimkaza zaidi. Mwishowe akaniinamia akanong'ona, na kwa sababu ya hedifoni nilimsikia kama yumo ndani ya sikio langu.

"Nimejibu sawa? Nisije nikakosea wakakurudisha wewe."

Mimi niliyezaliwa Mpanda, nisiyejua hata barabara ya kwenda Burundi inaanzia wapi. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa Bibi neno mahojiano si lile la redioni. Kwake ni meza, karatasi, na mtu asiyekujua anayekuuliza wewe ni wa wapi, na jibu moja linaweza kukuhamisha. Nami nililitamka kwenye simu nikiwa nachekelea. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Vua hizo hedifoni," mwalimu akaniambia taratibu. "Kamsaidie kufunga majani." Akaihamishia kamera karibu na bani la kukaushia tumbaku, akaiacha ikirekodi yenyewe, kisha akaenda kukaa na yule jirani.

Bibi akavaa kitenge chake kilichopauka. Tukakaa chini, mimi nikimpa majani, yeye akiyafunga kwenye vijiti. Harufu ya tumbaku mbichi ilinilegeza macho. Ukungu ukapanda polepole, jua likaingia baina ya majani yaliyoning'inia, na mikono yake ikawa kijani, kisha dhahabu. Hata sikumuuliza. Alianza mwenyewe, Kirundi na Kiswahili vikichanganyika, nami nikawa mtoto wa mkekani tena, ila safari hii niko macho. Akapita pale usingizi uliponichukuaga. Kijito, alisema, kilizama ardhini penye migomba na kutokea kwa jirani, kwa hiyo watoto walitupa ua huku, wakakimbia kwenda kulisubiri kule. Mara nyingine lilitoka. Mara nyingine walisubiri mpaka wakaitwa kula.

Akaacha kufunga. Alikuwa ameiona taa nyekundu ya kamera.

"Hiyo inawaka?"

"Inawaka, Bibi."

"Ifute, mwana wanje, mwanangu. Wakisikia nakukumbuka kule namna hii, watasema mimi si wa hapa."

Nilimtazama mwalimu. Yeye alitazama tumbaku. Filamu yangu ilikuwa humo, nzima, yenye mwanga ambao sitaupata tena. Kumdanganya Bibi kungekuwa rahisi, kwani hajui kitufe kipi ni kipi, na sitaficha kwamba niliwaza hilo. Kisha nikaishika kamera mbele ya macho yake, nikafuta. Alikikodolea macho kioo mpaka kikawa cheusi. Iliniuma sana.

Bibi akavuta fungu jingine la majani, akaniwekea mapajani.

"Haya," akasema. "Sasa nikwambie vizuri." Akaanza upya, kutoka kilimani.