Apolonia apima moyo kwa salamu ndefu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya kituo kimoja cha afya Nyasubi, mjini Kahama, Apolonia Kulwa anasimamisha chupa mbili zilizojaa mchanga. Kati ya chupa na chupa ni mita thelathini.

Watu saba wanamsubiri. Wote walizibuliwa mishipa ya moyo katika hospitali kubwa za Mwanza na Dar es Salaam, na sasa wanajifunza upya kutembea bila hofu.

"Tembeeni mkisalimiana," anawaambia.

Hicho ndicho kipimo chake. Salamu ya Kisukuma haiishii kwenye "mwangaluka". Utaulizwa nyumbani, watoto, ng'ombe, hata mvua. Anayeifikisha mwisho bila kuhema yuko kwenye mwendo wake. Ambaye salamu inamkatikia njiani hupunguza mwendo.

Apolonia, mtaalamu wa fiziotherapia mwenye miaka 33, aligundua hilo baada ya mashine pekee ya kukimbilia kituoni hapo kuharibika.

"Nilihuzunika wiki nzima. Kisha nikasikia bibi wawili wakisalimiana getini. Mmoja alikuwa na ndoo ya mchele kichwani. Hajafika kwenye ng'ombe, pumzi imekwisha. Nikajiambia, kumbe mashine ninayo."

Tangu mwaka jana amefundisha wagonjwa 26, na 21 wamemaliza wiki zote kumi na mbili. Anawataja kwa majina, kama mama anayehesabu wanawe.

Leo macho yake yako kwa Ignas Mwita, 56, aliyechimba dhahabu miaka ishirini kwenye mashimo madogo ya Bulyanhulu. Tangu arudi kutoka Dar es Salaam alikotibiwa, ndugu zake humpokonya hata kikombe cha maji asijichoshe. Yeye anataka kitu kimoja: kushuka jarubani msimu huu kupandikiza mpunga wake, ambao mwaka jana ulipandwa na wengine akitazama kutoka kwenye kiti.

Mwezi uliopita alipimwa akafeli. Si kwamba alishindwa mwendo. Alipita mita mia nne zinazotakiwa kwa dakika sita, akijibu "mhola" tu, yaani salama, kwa kila swali ili kubana pumzi aonekane mzima. Alipofika mwisho, alikaa chini akitweta.

"Shimoni ukisema umechoka, wanakwambia nenda kapike ugali," anaeleza. "Nilizoea kuficha."

Anaanza tena. Dakika ya nne, salamu inamkatikia. Wenzake wanageuka. Ignas anasimama, anamwinulia Apolonia mkono, anamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayo, hapa kwenye ng'ombe nimeishiwa."

"Na wewe huna hata ndama," anasema Mbuke, mkulima wa miaka 61 anayetembea naye. "Wanakuhemesha ng'ombe wa nani?"

Ignas mwenyewe anacheka. Apolonia anampima mapigo, anamuuliza kama kifua kinauma. Hakiumi. Baada ya dakika moja anaendelea, na muda unaisha akiwa na mita 370. Anakaa kwenye benchi, macho chini.

Apolonia anaandika kwenye daftari lake, analipeleka kwa daktari, anarudi nalo limesainiwa: kazi ya shamba, nusu siku, kwa kupumzika.

Ignas anayasoma maneno hayo mara mbili.

"Mita zitaongezeka," Apolonia anamwambia. "Mimi nilikuwa nausubiri ule mkono."

Baba yake Apolonia, mchimbaji wa Geita, aliugua moyo akaambiwa na ndugu alale tu. Alilala mpaka miguu ikasahau kutembea. Ndiyo maana binti anapanga kufungua uwanja kama huu Bulyanhulu, wachimbaji wasilazimike kupanda pikipiki hadi Kahama. "Chupa zipo, mchanga upo," anasema. "Na salamu hazinunuliwi."

Kabla hawajaondoka, anamwita pembeni Mariana, mke wa Ignas. Anamwelekeza apandikize mstari wa jirani na mumewe, na kila baada ya muda amsalimie upya, kama wamekutana sasa hivi.

"Akikujibu 'mhola' peke yake," anamwambia, "mtoe jarubani."