Siku Agnella Alipochelewa Kusema Kata

Agnella Ngwega alizaliwa Ifakara, wakati wazazi wake wakiigiza bure kwenye ukumbi wa parokia. Alipoanza darasa la kwanza, nchi nzima ilikuwa inawajua. Baba yake, mzee Telesphory, alikuwa Kiberiti. Mama yake, Restituta, alikuwa Utambi. Walikuwa mume na mke wanaogombana redioni, baadaye kwenye televisheni, mpaka watu wanashika mbavu. Shuleni wenzake wakampachika jina la Cheche. Alipigana na wengi kwa sababu ya jina hilo.

Nilimkuta Dar es Salaam, mimi nikiwa mpiga picha wa kituo cha televisheni, yeye akibeba nyaya za taa. Watu walisema kaingia kwa mgongo wa wazazi. Alijifunza kuhariri, akachukua kipindi cha wakulima ambacho hakuna aliyekitaka, akapanda taratibu mpaka akawa mwongozaji wa tamthilia. Mwishoni mwa vipindi vyake jina lilitokea Agnella T. tu. Ngwega aliliacha nje.

Jambo ambalo watazamaji hawakulijua aliniambia mwenyewe, siku moja tukisubiri mvua ikatike. Kiberiti na Utambi walikuwa wametengana miaka mingi. Mzee alirudi Ifakara kulima mpunga, mama akabaki Morogoro. Walikutana siku za kurekodi, wakacheka mbele ya kamera, kisha kila mmoja akapanda basi lake.

Mwaka juzi bosi wetu, Bwana Fransisko, aliamua tamthilia ya wazee hao ifungwe kwa kipindi kimoja kikubwa, kirekodiwe kwao bondeni, upande wa Ifakara, na mtoto wao akiongoze.

"Mpe mwingine," Agnella alisema.

"Watu wanataka kuona familia," Fransisko akajibu. "Ukikataa, nitajua la kufanya na mkataba wako."

Tukaenda Idete, msimu wa mavuno. Tulipewa nyumba ya mkulima, na uani mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai. Mama Restituta alifika akiwa amevaa kitenge cha Utambi tayari. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia akimtaja kila mtu kwa jina lake. Alipofika mbele ya mzee Telesphory alisema tu, "Baba Agnella, umekonda," akapita.

Muswada ulikuwa mwepesi. Utambi anamwekea mumewe wali, analalamika kwamba alikwenda kuamia ndege shambani akalala usingizi, ndege wakala mpunga. Kiberiti anajitetea kwa uongo wa kuchekesha, wanacheka, basi.

Nikawasha kamera pale sebuleni. Agnella alikaa mbele ya skrini yake ndogo, mkono umeinuka.

"Ulikuwa wapi ndege wanakula mpunga?" mama aliuliza, kama ilivyoandikwa.

"Nilikuwa shambani, mke wangu, nawahubiria ndege waache wizi."

Hapo mama alitakiwa kucheka. Hakucheka. Aliweka sahani chini.

"Na mwaka ule niliopasuliwa tumbo, ulikuwa wapi?"

Swali hilo halikuwa kwenye muswada. Nikamtazama Agnella. Mkono wake ulikuwa bado juu.

"Nilikuwa jukwaani," mzee alisema polepole. "Wewe mwenyewe uliniambia nenda."

"Nilikwambia nenda. Sikukwambia usirudi."

Fundi sauti alivua vifaa vya masikioni, kisha akavivaa tena. Wote tulikuwa tunasubiri neno moja la kusimamisha kamera, na neno hilo halikuja. Kwenye skrini niliona mzee akivua kofia nyekundu ya Kiberiti, kofia ambayo kazini sikuwahi kumwona hajaivaa.

"Resti, niliogopa," akasema. "Nilidhani nikirudi nitakukuta umekufa."

Mama akafunika uso kwa kitenge. Ndipo Agnella akasema, "Kata," kwa sauti ndogo mno.

Mama alitoka mbele ya kamera akaja moja kwa moja kwa binti yake.

"Nilikuwa nakutazama," alisema. "Nilisubiri useme kata. Mimi nilikuwa naongea na mume wangu, wewe ulikuwa unatengeneza kipindi."

Fransisko alikuwa amekuja kusimamia. Alinisogelea akiwa na furaha usoni. "Beno, nipe kadi ya kamera. Hii nchi nzima italia."

"Usimpe," Agnella alisema.

"Ni mali ya kituo!"

"Ni ya kituo. Wale ni wazazi wangu."

Alitoa kadi kwenye kamera mwenyewe. Fransisko akamzibia njia ya mlangoni. Nilidhani watashikana. Agnella alimtazama tu mpaka mwanamume yule akapisha, akitukana chini kwa chini.

Aliwapelekea wazazi wake kadi ile kibarazani. "Amueni nyie," akasema. "Nikiamua mimi nitakosea tena."

Mzee alitaka ionyeshwe. Alisema amechoka kudanganya watu. Mama alikataa. "Walitupenda kwa kicheko. Sitaki wanionee huruma sebuleni kwao."

Walivutana kwa sauti za chini, wakichanganya Kipogoro na Kiswahili. Mwisho mzee akamgeukia binti yake. "Mama yako amekataa. Futa."

Akafuta mbele yetu sote.

Asubuhi yake tulirekodi tena kama muswada ulivyotaka. Wazee walicheka pale walipotakiwa kucheka. Mimi niliyeshika kamera nasema kweli, haikufikia hata robo ya ile ya jana yake. Ilipoonyeshwa watu waliipenda, wakatuma salamu kutoka kila mkoa. Mkataba wa Agnella ulipoisha, haukuongezwa.

Alirudi Ifakara akapanga chumba karibu na soko. Siku za mwanzo alikuwa anarekodi harusi na komunio ya kwanza. Baadaye alikusanya vijana wa Chita na Idete, akaanza tamthilia yake kuhusu wasichana wa shule wanaopanga vyumba. Aliponipigia simu niache kituo nije, mke wangu aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nikaja hivyo hivyo. Kwenye tamthilia hiyo anaandika jina lake lote, na Ngwega likiwemo.

Wazazi hawakurudiana. Lakini mzee hupeleka mpunga Morogoro kila mavuno, na hukaa siku mbili tatu kabla ya kurudi. Kwa muda mrefu mama alizungumza na binti yake kwa mkato, salamu na kwaheri.

Krismasi iliyopita mama alikuja Ifakara. Tuliketi wote sebuleni kwa mzee kuangalia kipindi kipya. Kilipokwisha, Agnella alikuwa akikunja na kukunjua khanga magotini.

"Yule binti wa mwisho anaongea haraka mno," mama alisema hatimaye.

"Haongei haraka," mzee akadakia. "Wewe masikio yako ndiyo yamezeeka."

Wakaanza kubishana, na Agnella akaenda kuchukua kalamu aandike wanayosema.