Tumbo la Reemt Lilivyokaza

Reemt alipofiwa na baba yake alikwenda kung'oa jino. Hiyo ni kweli kabisa, kijiji kizima nyuma ya tuta la kuzuia bahari kinaijua. Watu wamevaa nyeusi, wamekaa na chai ya matanga, yeye kashika shavu anasema jino linamuua, akapanda baiskeli mpaka mjini Emden. Daktari wa meno akamwambia jino ni zima. Yeye akasema ling'oe. Likang'olewa, na maumivu yakabaki palepale.

Wengine walimwita jiwe. Waongo hao. Jiwe halihangaiki, na Reemt alihangaika maisha yake yote, ila hakujua anahangaikia nini. Njaa ikimshika hakusema ana njaa, aliwagombeza ng'ombe. Baridi ilimla vidole asitambue, mpaka dada yake Foelke aone vimekuwa vyeupe. Na chai, ambayo huku humiminwa tena na tena mpaka mtu atie kijiko ndani ya kikombe kuonyesha ametosheka, yeye hakuwahi kujua ametosheka lini. Foelke ndiye aliyemtilia kijiko, tangu utotoni, na sasa wote wawili wana mvi.

Kila Jumapili alikuja Tomma, mjane anayeuza mikate duka la karibu na kanisa. Alikunywa chai, akacheka, akamsimulia Reemt habari za watu, naye Reemt akasikiliza. Miaka ikaenda hivyo. Halafu Jumapili moja hakucheka.

"Dada yangu wa Bremen amebaki peke yake kwenye nyumba kubwa," akasema. "Ananiita nikakae naye moja kwa moja. Jumapili ijayo napanda treni. Reemt, nakuuliza mbele ya dada yako: unataka niende au nibaki?"

Reemt akamtazama. "Sijui."

"Hujui?"

"Najitafuta, sioni kitu."

Alisema kweli tupu, na kweli hiyo ilimchoma yule mwanamke kuliko uongo. "Basi jitafute vizuri," akasema, akavaa koti lake. "Nitapita Jumapili na sanduku langu. Ukiwa bado hujui, nitakuwa nimejua mimi."

Toka hapo Reemt hakutulia. Anaingia zizini, anatoka. Kashika ndoo, kasahau ya nini. Anafungua lango, analifunga, anarudi kulifungua. Mikono ilitetemeka, tumbo likakaza kama kamba ya kufungia ndama.

"Ni chai hiyo!" Foelke akafoka. "Unainywa nyeusi kama lami, birika baada ya birika. Kuanzia leo hunywi!"

Kumnyima mtu wa huku chai ni kumnyima hewa, lakini Reemt alitii. Akanywa maji ya moto. Mikono ikazidi kutetemeka.

Foelke akaogopa, akamburuta kwa Daktari Ulferts, binti wa watu wa hapohapo. Daktari akapima, akaona mzima. Akamwambia aweke mikono magotini, asiguse kifua wala shingo, aseme moyo wake unapiga vipi.

"Kwani unapiga?" Reemt akauliza.

Daktari hakucheka. "Unapiga, tena unakimbia. Kuna watu, Reemt, ambao mwili wao unawaita kwa sauti ndogo. Wanasikia kelele, hawasikii maneno. Moyo ukienda mbio hawajui kama ni woga, hasira au mapenzi. Wanadhani wamekula kitu kibaya."

"Sasa hii yangu ni ipi?"

"Hilo siwezi kukuambia. Wewe angalia tu. Tumbo likikaza, ulikuwa unawaza nini? Likilegea, nini kimebadilika?"

"Kasoma miaka yote hiyo," Foelke akanung'unika njiani, "halafu anatuuliza sisi."

Lakini Reemt akaanza kulichunga tumbo lake kama anavyomchunga ng'ombe anayekaribia kuzaa. Akikamua, limelegea kidogo. Akipita duka la mikate, limekaza. Akilala, limekaza. Akasimama juu ya tuta kwenye upepo, akalipiga tumbo ngumi. Halikusema kitu.

Jumapili Tomma akaja na sanduku. Foelke akamimina chai, sukari ya mawe ikapasuka kikombeni kwa joto. Tomma akanywa vikombe vitatu, ambavyo kwa adabu ya huku mgeni hapunguzi, harakaharaka, akatia kijiko, akasimama.

"Haya. Treni haingoji mtu."

"Kaa," Reemt akasema.

"Nini?"

"Kaa kidogo."

Akakaa, macho yamemtoka.

"Sasa simama."

"We Reemt!" Foelke akapiga kelele. "Huyu si ng'ombe wa mnadani!"

"Nyamaza, dada. Nasikiliza."

Tomma akasimama, labda kwa hasira, labda kwa kutaka kuona mwisho wake. Reemt kiganja kiko tumboni, jasho linamtiririka.

"Ukisimama linakaza," akasema. "Ukikaa linalegea. Na leo sijanywa chai hata tone."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Jina lake silijui. Labda wewe unalijua. Lakini sitaki uende."

Tomma akakaa, si kwenye kiti, akakaa juu ya sanduku lake. "Wiki nzima nimelia mbele ya wateja," akasema, "na wewe ulikuwa unangojea tumbo."

"Nilikuwa naliuliza."

Foelke akageukia dirishani, akijifanya anatazama kondoo.

"Dada yangu atakuwa ananingoja stesheni," Tomma akasema. "Habari hii siwezi kumpa kwa simu. Utanipeleka kwa gari lako mpaka Bremen, nimwambie usoni, halafu utanirudisha."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Reemt akanyanyua sanduku, akaliweka chini, akalinyanyua tena. "Limekaza upya," akasema.

"Likikuzidi njiani uniambie," Tomma akamjibu, akifunga vifungo vya koti. "Tutasimama."