Jembe la Mama Mkwe

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alitoka Rabai akaja kukaa nasi hapa Tezo. Nilifurahi, ila nilijikunyata pia. Kwetu mama mkwe ana heshima yake. Sikula naye wala kumtazama usoni, naye akiwa na neno kwangu alimwambia binti yake, hata kama sote watatu tupo uani na nimekwisha kulisikia.

Mimi ni mhunzi. Kibanda changu kiko nyuma ya nyumba. Fuawe langu, ninapofulia chuma, ni kipande cha reli kuukuu, na moto naupuliza kwa feni inayozungushwa na gurudumu la baiskeli.

Siku moja mke wangu akaniletea ujumbe. Mama alitaka kulima kunde nyuma ya jiko, lakini mkono wake wa kulia ulivunjika zamani alipoanguka kisimani, mfupa ukaunga vibaya, na kifundo cha mkono hakikunjiki. Jembe langu lilimshinda. Aliomba jepesi.

Nikakata kipande cha springi ya lori, nikakichoma hadi kikawa rangi ya chungwa bivu, nikakifua kikawa bapa. Upande mmoja nikauvuta kwa nyundo kutoa msuka, ile ncha inayoingia kwenye mpini. Mama akashukuru kupitia kwa binti yake. Kesho yake nilimwona akilima kwa magoti, bega limepanda juu, jembe likikwaruza udongo tu. Hakulalamika.

Asubuhi moja mke wangu alimpeleka mtoto kliniki. Nilikuwa nawasha makaa niliposikia hodi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na jembe mkononi, macho chini.

"Baba," akasema, "msuka huu wataka kukunjwa, jembe lifuate mkono wangu."

Nikamjibu huku nikitazama moto, kwamba nitaukunja, lakini sijui kwa kiasi gani, maana mkono wenyewe sijauona vizuri. Kisha akaliweka jembe chini, akanyoosha mkono.

"Shika, uone."

Nikapangusa masizi kwenye suruali, nikaushika. Ulikuwa mkavu na mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikapapasa pale mfupa ulipoungia upande, nikaugeuza taratibu mpaka alipokunja uso, nikaacha. Sasa nilijua.

Nikang'oa mpini, nikautia msuka motoni. Bila kuambiwa, akalikamata gurudumu kwa mkono wa kushoto, akazungusha. Chuma kilipoiva nikakiweka juu ya reli, nikakikunja kwa mapigo madogo. Yeye akawa anaangalia.

"Ongeza kidogo," akasema. Nikaongeza. "Hapo, baba."

Mke wangu aliporudi alimkuta mama yake nyuma ya jiko, amesimama wima, analima. Kanga yake ilikuwa imejaa majivu. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaingia ndani kumlaza mtoto.

Kunde zilishika vizuri, na majani yake tulikula hadi mtoto akaanza kutambaa. Mama hakuwahi kula nami, ila akiwa na neno alikuja mwenyewe mlangoni pa kibanda. Siku ya kurudi Rabai alilifunga jembe ndani ya kanga kuukuu, akaja kuniaga.

"Nimelima vizuri, mwanangu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.