Mkutubi aliyepanga vitabu kwa kimo

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Mama Kadi anawasha taa ya chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu, anavua viatu na kuvaa kandambili.

"Hamjambo?" anaviuliza vitabu. Anasubiri kidogo, kisha anacheka peke yake. "Siku vikiitikia, ndipo nitakapostaafu kweli."

Anavuta droo ya kabati la kadi, anachomoa kadi moja yenye jina la kitabu, anakwenda nayo kwenye rafu kuhakikisha kitabu kipo, anarudi mezani na kuandika daftarini. Kisha kadi nyingine. Kwa siku anamaliza sitini, miguu ikimruhusu. Jirani yake wa karibu ni pampu ya maji, nyuma ya ukuta.

Jina la Mama Kadi alipewa na wanafunzi ambao baadhi yao sasa ni maprofesa. Amekula chumvi nyingi: ana miaka sabini na mmoja, na arobaini na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa. Aliajiriwa kupiga chapa. Mwaka wa tatu, mkutubi mgeni aliyeianzisha maktaba alimaliza mkataba, akamkabidhi funguo, akaenda zake. Ndivyo mpiga chapa alivyokuwa mwenyeji wa kwanza kuiongoza maktaba hiyo, akiwa na miaka ishirini na mitano, "na tumbo la miezi sita," anaongeza.

Wakati huo maktaba ilikuwa chumba kimoja, zamani cha kufulia nguo. Vitabu vilizidi kuja, mbao haziongezeki.

"Fundi seremala aliniambia, 'Dada, mbao ndizo hizi. Ukichanganya kirefu na kifupi, unapoteza nafasi.' Nikaona ana akili kuliko sisi wa ofisini."

Basi akavipima kwa rula, kimoja kimoja, akavipanga kwa kimo: vifupi, vya kati, virefu. Tiba ikakaa bega kwa bega na ushairi, mradi vimo vinalingana. Kila kabati likapata rafu moja zaidi. Kwenye pembe ya kila kadi akaandika kwa penseli herufi ya kimo na namba ya mahali kitabu kilipo. Wakutubi wa kwingine walimcheka sana, lakini hakuna kitabu kilichopotea.

Lilipojengwa jengo jipya, vitabu vipya vilipangwa kwa masomo, kama kwingineko. Vile elfu kumi na nane vya mwanzo vikateremshwa huku chini na mpangilio wao.

Kosa lilikuja na kompyuta, miaka sita iliyopita. Walioletwa kuingiza kumbukumbu walinakili jina la kitabu, mwandishi na mwaka. Maandishi ya penseli wakayaruka. Walidhani mtu alikuwa akijaribu penseli yake. Tangu hapo kompyuta inasema kitabu kipo, ila kipo wapi haijui.

"Hawakuniuliza, na mimi nilikuwa hatua kumi tu kutoka walipokaa," anasema. "Nilidhani wanajua. Basi kosa ni letu sote."

Muhula ukiisha, kabati la kadi litatolewa na chumba kifanywe cha kusomea. Vitabu vilivyomo daftarini mwake vitapandishwa juu. Visivyomo vitafungwa maboksini na kupelekwa stoo, na mkataba alioongezewa baada ya kustaafu unaisha siku hiyohiyo. Amekwisha kunakili kadi 11,400, pamoja na maandishi yake ya penseli. Zimebaki 6,600, na siku za kazi ni hamsini na tano.

"Peke yangu nitafika nusu. Tukiwa wawili, tunamaliza siku ya mwisho yenyewe."

Mkurugenzi wa maktaba hana ubaya naye. "Tunamheshimu sana Mama," anasema, "lakini watu ni wachache, na vitabu vile nani anaviulizia?"

Mwezi uliopita walishuka watu wawili. Mmoja alikuwa anatafuta choo. Wa pili, mhandisi wa maji, alikuwa amezungushwa siku tatu huko juu akitafuta ripoti ya visima vya zamani. Mama Kadi alimtolea kwa dakika nne, kwenye virefu.

"Alinishukuru, akapiga picha kurasa zake, akapanda ngazi," anasema. "Nilitamani aulize kingine."

Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita. Binti yake, anayeishi mbali, humpigia simu kila Jumapili. "Mama, si upumzike tu nyumbani?" humwambia.

"Nyumbani nipumzike na nani, mwanangu?" humjibu.

Upweke anaukiri bila kuona haya, ila si huo unaomkosesha raha. "Naogopa kuondoka nikiwa ni mimi tu ninayejua," anasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkurugenzi anipe mtu yeyote anayeweza kusoma namba, hata awe mfagizi. Siku moja tu ya kumfundisha inatosha."

Wiki iliyopita alimwandikia mkurugenzi barua ya mistari mitatu, akiomba msaidizi mmoja na kiti cha kumkalisha.

Kiti kililetwa Jumatatu. Amekiweka mkabala na chake, na kila asubuhi anakipangusa vumbi.